Orodha ya Makosa Thelathini na Tisa

Mkuu aliponiita ofisini kwake nilikuta maneno yangu yametandazwa mezani. Si maneno niliyompa mimi. Yalikuwa yale niliyoyaandika kwenye kundi la wasikilizaji kwa jina la Sikio Kali, mwaka mzima kabla sijaajiriwa hapa, na mtu alikuwa ameyachapa kwenye karatasi nne na kuyabana kwa pini.

“Huyu Sikio Kali ni wewe,” Mkuu alisema. Wala hakuwa anauliza.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kujibu ujumbe wa wasikilizaji, kazi ya mtu aliyetoka chuo juzi na bado anaamini kila ujumbe unastahili jibu. Nikajua nafukuzwa.

Lazima nieleze. Ofisi yetu hutengeneza mchezo wa kusikiliza unaoitwa Nyuma ya Zohali. Chombo cha anga kimekwama nyuma ya sayari ya Zohali, mawimbi ya redio yao hayafiki nyumbani, na watu watano waliomo wanaishi kwa kugombana, kutaniana na kutengeneza kile kinachoharibika. Kila msimu ukiisha, ofisi hutoa riwaya ya msimu huo. Sisi mashabiki tunajiita Wazohali. Tuliupenda mchezo kama mtu anavyompenda ndugu yake, na riwaya tulizichukia kama mtu anavyomchukia shemeji aliyemwoa ndugu huyo.

Ndipo nikaandika orodha: Makosa thelathini na tisa ya riwaya ya pili. Kosa la kwanza lilikuwa kubwa kuliko yote. Katika mchezo, Mhandisi, yule mama anayezungumza na injini kama anayembembeleza ng'ombe aliyegoma kukamuliwa, anakufa kipindi cha kumi na nane. Katika kitabu yuko hai hadi ukurasa wa mwisho, anakunywa kahawa na kumcheka Nahodha. Na kosa la mwisho niliandika hivi: “Kurasa mia mbili na kumi, na hakuna anayesikia kitu. Mlango haulii, injini hainungurumi, mtu hapigi hata chafya. Mwandishi huyu hajawahi kusikiliza mchezo wetu hata dakika moja.”

Sentensi hiyo niliionea fahari. Watu mia sita waliipenda.

“Nimeisoma mara mbili,” Mkuu alisema. “Nataka wewe uandike riwaya ya tatu. Ya mwisho.”

Nikakaa bila kuambiwa kaa.

“Mwandishi aliyepo mkataba wake ulikuwa wa vitabu viwili. Cha tatu ni hiari yetu, na wasikilizaji hawamtaki. Umeeleza sababu kuliko mtu yeyote. Kampelekee barua hii, urudi na miswada ya msimu wa tatu tuliyomtumia. Ukirudi nayo, anza kuandika.”

Nilimuuliza kama hajaona ni vyema kumpigia simu kwanza.

“Huyo? Hapokei simu. Miaka mitatu, hajapokea hata moja. Anajibu barua tu, kwa maringo yake.” Akanionyesha jalada. Kweli, kwenye ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Hapokei simu. Ana maringo.

Nyumbani ninaishi kwa kaka yangu. Nilipowaambia, kaka alinyanyuka akanishika mkono kama naapishwa. Mke wake alikuwa anakunja nguo.

“Kwa hiyo wifi yangu hataolewa na redio tena,” alisema. “Sasa anaolewa na kitabu. Angalau kitabu kinafungika.”

“Mwache, ni mwandishi huyo,” kaka alisema.

“Nimwache wapi, na sebule yote ni yake?” Kisha akaniangalia. “Na huyo mwenye kitabu anajua?”

“Kesho atajua.”

“Haya,” alisema, na akaendelea kukunja. Sikulipenda lile haya.

Anwani iliyokuwa kwenye bahasha ilinifikisha kwenye karakana ya kushona sare. Ukumbi mrefu, mashine za kushona safu nne, vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa madirisha. Njia nzima nilikuwa nimejipangia hotuba ya heshima. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, alininyooshea kidole hadi mashine ya mwisho.

“Mzunguke uje mbele yake,” alisema. “Ukimwita kwa nyuma utaita mpaka mishahara itoke.”

“Kwa nini?”

“Hasikii. Tangu ana miaka sita.” Aliniona nimesimama tu. “Kwani hukuambiwa?”

Hotuba yote ilinitoka kichwani. Kilichobaki ni sentensi moja, ile ya watu mia sita, na ilikuwa inajisoma yenyewe, neno kwa neno, kwa sauti yangu.

Nilizunguka nikaja mbele yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, anashona mfuko wa shati bila kuuangalia. Aliponiona alizima mashine. Nilijitambulisha natoka ofisi ya Nyuma ya Zohali, na kwa ujinga nikajitambulisha kwa kelele.

“Zungumza taratibu tu, mwanangu,” alisema. Sauti yake ilikuwa bapa, isiyopanda wala kushuka. “Usipaze. Ukipaza mdomo unapinda na sikusomi.” Akanisukumia daftari na kalamu. “Yakishindikana, andika.”

Ilikuwa saa ya mapumziko. Wenzake walitoka, akanikaribisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, na kabla sijatoa barua yeye akatoa karatasi mkobani. Karatasi nne, zimebanwa kwa pini. Nilizijua kabla hajazikunjua.

“Ofisi yenu walinitumia hii bila neno hata moja,” alisema. “Nimeisoma mpaka imechakaa. Huyu Sikio Kali ana akili sana. Lakini ni mwongo.”

“Mwongo?”

“Angalia namba moja. Anasema Mhandisi alikufa. Miswada yote nimeisoma mara tatu, msimu wa pili mzima. Mhandisi hafi. Kipindi cha kumi na nane anatengeneza pampu ya hewa, wanakula, wanalala.” Alitabasamu kidogo. “Nikasema hawa vijana wananitania. Wamekubaliana wote kumuua mtu ili waone kama mwandishi atashtuka.”

Nilimwangalia usoni nikitafuta dalili kwamba yeye ndiye anayenitania mimi. Haikuwapo. Nikachukua kalamu, kwa sababu sikuamini mdomo wangu.

Niliandika: Mama, alikufa kweli. Pampu ilishindikana kutengenezwa. Hewa ilibaki ya watu wanne. Alitoka nje kwa mlango wa dharura, akawaachia. Kisha kuna kimya cha sekunde kumi na moja. Nimekisikiliza mara arobaini. Hakuna Mzohali asiyekijua.

Alisoma. Akarudi juu akasoma tena. Aliivua miwani, akawa anaigongesha mezani, na hakujua kwamba inalia.

“Nani kamuua?” aliuliza.

“Sijui, mama.”

“Kwa hiyo mimi... nimekaa naye mwaka mzima baada ya kufa kwake. Nimempa kahawa. Nimempa binti anayemwandikia barua.” Akanitazama kama mtu aliyepigiwa hodi na polisi. “Na nyote mlikuwa mnajua.”

Sikumbuki kupanga kusema. Nilijisikia tu nikisema, “Sikio Kali ni mimi.”

Aliutazama mdomo wangu muda mrefu, kana kwamba huenda ameusoma vibaya. Halafu akafunua karatasi ya nne.

“Namba thelathini na tisa ni kweli,” alisema. “Sijausikiliza hata dakika moja. Nilituma mfano wa sura moja, wakanipa kazi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu masikio, nami sikuona sababu ya kuyataja. Kitabu kinasomwa kwa macho.” Akainuka. “Njoo.”

Alinipeleka kwenye mashine yake, akanishika kiganja akakilaza juu ya chuma, kisha akakanyaga pedali. Mtetemo ulinipanda mkononi hadi kwenye meno. Akapunguza, ukawa kama paka anayelala. Akakanyaga kwa kushtukiza, bega likaniruka.

“Ukurasa wa kumi na nne,” alisema.

Nilikuwa naujua ukurasa wa kumi na nne kwa moyo. Mhandisi anaamka na kujua, kwa nyayo tu, kwamba injini ya pili imechoka. Kwenye orodha niliuita kosa la saba: mtu hujua injini kwa kuisikia. Niliandika hivyo mimi, ambaye sijawahi kugusa injini yoyote maishani mwangu.

Barua alikuwa ameshaiona ikichungulia mfukoni mwangu. Alinyoosha mkono nikampa. Aliisoma akiwa amesimama.

“Nani ataandika cha tatu?”

Nilitamani sana kudanganya. “Mimi.”

Hakupiga kelele wala hakulia. Alivuta droo ya meza, akatoa bahasha nene ya miswada, akanikabidhi kwa mikono miwili. “Basi hii utaihitaji.” Nilipoipokea hakuiachia. “Mwanangu, mimi siombi kazi. Kazi ninayo, hizi hapa sare mia nne. Ninaomba nimzike. Mtu niliyeishi naye vitabu viwili asizikwe na mgeni.”

Nilirudi ofisini na miswada mikononi nikajiona kama nimemwibia maiti sanda. Nilipita mlango wa Mkuu, nikaenda moja kwa moja studio, kwa fundi wa mitambo tunayemwita Sauti. Alikuwa anakunja nyaya.

“Siku mliyorekodi kipindi cha kumi na nane,” nilimwambia, “kilitokea nini?”

“Ah, siku ya msiba.” Alicheka. “Mwigizaji wa Mhandisi alikuja asubuhi kuaga. Kapata kazi nchi ya mbali, ndege jioni. Mwongozaji akasema, huondoki hivihivi, utakufa kwanza. Tukamuua kabla ya chai ya saa nne. Mwenyewe alikufa vizuri, akaomba na maandazi.”

“Na mswada?”

“Tuliusahihisha kwa penseli palepale. Ndivyo tunavyofanya siku zote.” Alifungua kabati la chuma. Ndani kulikuwa na miswada ya misimu yote mitatu, kila ukurasa umejaa penseli: mistari iliyokatwa, mishale, maneno mapya pembeni.

“Na mwandishi wa kitabu anapewa ipi?”

“Ile ya kwenye kompyuta.”

“Isiyo na penseli.”

“Sasa ya nini kuhangaika? Mabadiliko kila mtu anayajua. Si yanasikika?”

“Yeye hasikii,” nilisema. “Ni kiziwi tangu utotoni.”

Sauti alibaki na waya mkononi. Aliukunja, akaukunjua, halafu akaketi juu ya spika, kitu anachomkataza kila mtu.

“Mama yangu wee,” alisema polepole. “Zile simu.”

Tulikaa kwenye zulia la studio mimi na yeye, tukapitia orodha yangu kosa baada ya kosa, nikisoma na yeye akitafuta kwenye penseli. Makosa thelathini na manne yalikuwa penseli. Matatu yalikuwa ya mpiga chapa. Mawili yaliyobaki, la saba na la thelathini na tisa, hayakuwa makosa. Sikuwa nimempata mwandishi na kosa hata moja.

Mkuu aliposikia aliduwaa. Alilivuta jalada, akautazama ule wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa wake. Alilifunga taratibu.

“Nimeaibika,” alisema mwishowe. “Lakini nikwambie ukweli. Msomaji hanunui penseli yetu, ananunua kitabu. Wazohali wameshaamua kwamba huyu mama hajui kitu. Nikimpa cha tatu hawatakinunua, na ofisi hii haina cha kutupa. Moto umeuwasha wewe. Ukiuzima, nitampa. Usipouzima, andika wewe au nimtafute mwingine.”

Nilimwandikia yule mama ujumbe kumuuliza niseme nini na nisiseme nini. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: Waambie ya penseli. Ya masikio yangu waachie, si ya kwao.

Kwa hiyo nililiandikia kundi, kwa jina lilelile la Sikio Kali, na nikasema sasa ninafanya kazi ofisini ili asije mtu akanifichua. Nikaeleza kabati la chuma. Nikaweka makosa yote thelathini na tisa, na mbele ya kila moja nani alilikosea. Nikasema mwandishi hakuwa anajua Mhandisi amekufa, kwamba nilimwambia mimi, ana kwa ana, na kwamba sitaki kuuona tena uso wa mtu ukibadilika vile.

Nilitarajia maswali. Wa kwanza alikuwa Daktari Feki, rafiki yangu wa miaka minne kundini: “Kumbe bei yako ni mshahara mmoja.”

Wengine wakafuata. “Amenunuliwa.” “Wamempa kiti chenye magurudumu, kageuka.” “Mwambie huyo mwandishi wako asikilize mchezo kama sisi, kwani ana nini?”

Hilo la mwisho nilikaa nalo vidole vikiwa juu ya simu. Jibu nilikuwa nalo, maneno mawili tu, na lingewanyamazisha wote. Sikuliandika.

Niliandika lingine. Niliwaomba wafungue ukurasa wa kumi na nne, waweke kiganja juu ya mashine yoyote inayofanya kazi karibu nao, halafu wasome. Basi. Wasiponielewa, nitaondoka kundini.

Kwa dakika ishirini hapakuwa na kitu. Halafu Bibi Roketi, ambaye hujigamba kwamba ndiye mkongwe kuliko wote kundini, akaandika: “Nimeweka mkono kwenye friji. Jamani.”

Halafu mwingine: “Pampu ya maji ya jirani. Kanikuta nimeikumbatia na kitabu mkononi, sijui nitamweleza nini.”

“Jenereta la kazini. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimekipita kitabu kizuri.”

“Nina zaidi ya mwaka nakitukana kitabu hiki,” Bibi Roketi aliandika tena. “Kosa la ofisi tumelibebesha mtu asiye nalo. Mimi naona haya.”

Hawakuwa wote. Daktari Feki aliandika kwamba friji ni friji na kitabu ni kitabu, na pole hazigeuzi riwaya mbaya kuwa nzuri, na mpaka leo hajabadilika. Ni haki yake. Lakini Bibi Roketi ndiye aliyeuliza lile swali ambalo Mkuu alinigeuzia simu yake nilione, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu: “Sasa mwandishi mwenyewe atamzika lini Mhandisi?” Chini yake watu waliuliza hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, hadi nikaacha kusoma.

“Mpelekee kabati,” Mkuu alisema.

“Miswada?”

“Yote. Na mwambie nitakuja mwenyewe kumwona. Si kwa simu.”

Sauti alinisaidia kubeba. Alikataa kuingia karakanani, akasema ataangalia gari, ingawa gari halikuwa na haja ya kuangaliwa. Mama alikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nilimwambia taratibu, bila kupaza, kwamba kitabu cha tatu ni chake. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea mzigo aliokwisha kuujua uzito wake, kisha akauliza, “Kumi na nane iko wapi?”

Niliitafuta nikampa. Aliisoma akifuata penseli kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi nikiwa upande wa pili wa meza niliisoma kichwa chini. Niliyajua maneno yote. Niliijua hewa inayobaki, utani wake wa mwisho kwa Nahodha, bawaba ya mlango. Kidole chake kikasimama pembeni, kwenye maandishi madogo ambayo mwongozaji alimwandikia mwigizaji asubuhi ile.

“Hii mliisikia?” aliuliza.

Nilizunguka meza nikasoma. Ilikuwa imeandikwa: Kabla ya mlango, anainama, anafunga vizuri kamba za viatu.

Mara arobaini. Nilikuwa nimemsikiliza akifa mara arobaini na sikuwahi kujua kwamba alifunga kamba za viatu kwanza, kama mtu anayetegemea kutembea.

“Hapana, mama,” nilisema. “Hakuna aliyeisikia.”

Alivuta kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza za sare, akakigeuza upande usio na mistari, na akaanza kuandika kutoka kwenye viatu.